Dalili ya Mvua

Wahenga wetu wa pwani walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu, nao walisema kweli, maana walikuwa wakiizungumzia pwani yao. Unguja mvua haimfichi mtu. Wakati wa masika wingu huinuka baharini likiwa jeusi, upepo hugeuka baridi kwa ghafla, kina mama hukimbilia nguo kambani na karafuu mkekani, na kabla hawajamaliza kuanua, matone ya kwanza yamekwisha kuanguka. Aliyeliona wingu ameiona mvua. Methali hiyo ikisafirishwa hadi Bara Arabu, hata hivyo, huanza kuyumba. Huku wingu laweza kukaa juu ya vichwa vyetu siku tatu lisitoe hata tone. Laweza kutoa mvua ukaiona kwa macho yako, imening'inia chini ya wingu kama shela ya kijivu, nayo isifike ardhini kwa kuwa hewa kavu imeinywa njiani. Na kinyume chake huweza kutokea pia: mtu akafa maji penye jua kali, chini ya anga isiyo na wingu hata moja, kwa sababu mvua ilinyesha mlimani asikokuona.

Nimekaa Oman miaka mingi kuliko niliyokaa Unguja nilikozaliwa, na ni huku, penye uhaba wa mawingu, ndiko nilikoshikwa na mapenzi ya kuyatazama. Si jambo la ajabu, kwani aliyekulia mwembeni hahesabu maembe. Sina elimu ya hali ya hewa wala vyombo vya maana. Nina daftari, nina dira ya kunionyesha upepo unatoka wapi, na nina kopo la kupimia mvua juu ya paa, ambalo sehemu kubwa ya mwaka hupima vumbi. Kila siku yenye wingu naandika tarehe, saa, upepo, na sura ya wingu lenyewe. Jamaa zangu wamekwisha nizoea. Lakini mara kwa mara hutokea mmoja akaniuliza, kwa upole, faida ya kazi hiyo ni nini, wakati siku hizi simu ya mkononi inamwambia mtu mvua itanyesha saa ngapi. Swali hilo ni la haki. Nimeona nilijibu kwa njia ya historia, kwa sababu watu wa kutazama mawingu wana historia ndefu, na sehemu yake kubwa imeanzia katika nchi kavu kama hii.

Tuanze na mvua yenyewe. Maskati hupata, kwa wastani, kama milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Yaani mvua yetu ya mwaka ni kiasi ambacho masika ya Unguja yaweza kukimwaga kwa siku chache tu. Tena neno wastani jangwani lina hila ndani yake. Upo mwaka usio na mvua ya kutajika, na upo mwaka ambao mvua yote ya mwaka, na zaidi, huanguka kwa siku moja. Kule Dhofar, kusini, wana manyunyu ya kiangazi yaitwayo kharifu, yaletwayo na pepo za kusi kati ya Juni na Septemba. Sisi wa kaskazini tegemeo letu kubwa ni msimu wa baridi, tangu Desemba hadi Aprili.

Mvua hii ya baridi asili yake ni mbali. Katika miezi hiyo maeneo ya mgandamizo mdogo wa hewa huzaliwa juu ya bahari ya Mediterania au karibu nayo. Pepo za juu huyasukuma kuelekea mashariki, yakapita Iraq na Ghuba, na machache kati yake hufika Oman yakiwa bado na nguvu. Njiani huvuta unyevu kutoka bahari za joto zinazoizunguka Bara Arabu. Hewa hiyo ikifika kwenye milima ya Hajar, ambayo kilele chake cha Jabal Shams kina urefu wa kama mita 3,000, hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa hutoa maji yake. Ndiyo maana Jabal Akhdar hupata mvua takriban mara tatu ya ile ya Maskati, ingawa kutoka mji mmoja hadi mwingine si safari ya siku nzima.

Kwa mtazamaji, mvua ya namna hii hutanguliza wajumbe wake. Wa kwanza ni nyuzi nyeupe za juu sana, nyembamba kama nywele za mzee, ambazo kwa hakika ni chembe za barafu. Siku ya pili huja utando mwepesi unaofunika anga yote, na usiku mwezi hujivika duara. Kisha utando huzidi unene, jua likabaki doa jeupe lisilotoa kivuli. Hapo ndipo moyo wa mtu wa jangwani huanza kudunda, kwa sababu ni hapo pia ambapo mara nyingi mambo huishia. Upepo hugeuka, utando hupasuka, na kesho yake anga ni ya buluu kana kwamba hakukuwa na lolote. Lakini zipo siku chache ambazo wingu la kijivu hushuka mpaka likaficha vichwa vya milima, na hewa ikaanza kunuka mvua.

Harufu hiyo kila mtu aijua, ila jangwani ina nguvu zaidi. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliitafutia jina na maelezo. Walionyesha kuwa katika kipindi kirefu cha ukame mawe na udongo hujikusanyia mafuta fulani, na unyevu unapowadia mafuta hayo huachiliwa hewani. Kwa hiyo kadiri ukame ulivyokuwa mrefu, ndivyo harufu inavyokolea. Watu wa Ulaya huipenda harufu hiyo. Hapa kwetu nimeona wazee wakisimama mlangoni wakiivuta kama wavutavyo udi.

Hao wajumbe wa mvua hawakusubiri sayansi ya leo ili wajulikane. Karne kumi na mbili zilizopita, katika miji ya Basra na Kufa huko Iraq, walikuwapo wanazuoni wa lugha waliokuwa wakiwauliza mabedui majina ya vitu vya jangwani, kwa sababu waliamini kuwa Kiarabu safi kimehifadhiwa na watu wa mahema. Waliuliza majina ya ngamia, ya mitende, ya nyota. Na hawakuacha kuuliza majina ya mvua. Abu Zayd al-Ansari wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 830, aliandika kitabu kizima juu ya mvua. Katika maandishi ya watu hawa twakuta hazina ya kushangaza. Kuna jina la wingu linaloning'inia chini ya wingu jingine. Kuna jina la wingu lililokwisha kumwaga maji yake na sasa linapita tu. Kuna jina la umeme wa uongo, unaomulika bila kuleta mvua. Mvua ya kwanza ya msimu huitwa wasmi, kwa kuwa huitia ardhi alama ya majani, kama ngamia atiwavyo chapa. Na ile inayoifuata ina jina lake pekee.

Mmoja wa wanazuoni hao anatuhusu sisi kwa namna mbili. Naye ni Ibn Durayd, aliyezaliwa Basra mwaka 837. Alikuwa wa kabila la Azd, ambalo ndilo kabila kubwa la Oman. Mwaka 871 mji wa Basra uliingiwa na waasi waliokuwa watumwa wa mashamba na wa kuondoa magadi katika mabwawa ya kusini ya Iraq. Waasi hao historia inawaita Zanj, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani yetu, na ambalo hadi leo limo ndani ya neno Zanzibar. Mwalimu wa Ibn Durayd aliuawa katika msiba huo. Mwenyewe alikimbilia Oman, akakaa huku kiasi cha miaka kumi na miwili kabla ya kuendelea na safari zake. Alikuja kutunga kamusi kubwa na akafia Baghdad mwaka 933. Miongoni mwa vitabu vyake vidogo kuna kimoja juu ya sifa za mawingu na mvua, chenye kukusanya yale waliyosema watu waliotumwa kutafuta malisho.

Hao waliotumwa ndio ninaotaka msomaji awatazame. Zamani kabila la mabedui lililokuwa likihama lilimtanguliza mtu mmoja au wawili, wapanda ngamia wenye macho makali, kwenda kuangalia mvua imenyesha wapi. Kazi yao ilikuwa kusoma mawingu ya mbali, kuhesabu umeme, kukagua mabonde, kisha kurudi na habari. Kwa habari hiyo watu wote na wanyama wao wangeng'oa mahema na kwenda. Habari ikiwa ya uongo, wangefika mahali pakavu bila nguvu ya kurudi. Ndiyo maana Waarabu wana methali isemayo kuwa mpelelezi wa malisho hawadanganyi watu wake. Kwa mtu kama huyo kutazama mawingu hakukuwa starehe. Maneno mengi tunayoyastaajabia katika vitabu vile yalikuwa vifaa vya kazi, kama maneno ya baharia juu ya kamba zake.

Lugha yetu ya Kiswahili nayo imechota katika kisima hicho, na ilivyochota inafurahisha kuchunguza. Wingu na mvua ni maneno yetu ya asili ya Kibantu. Hatukuwa na haja ya kuazima majina ya vitu tulivyokuwa navyo kwa wingi. Lakini radi ni neno la Kiarabu, gharika ni la Kiarabu, tufani ni la Kiarabu, na hata rasharasha ina asili ya kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunyunyiza. Neno linalonivutia kuliko yote ni ghubari. Kwa Mwarabu ghubari ni vumbi, lile linaloinuliwa na upepo likafunika jua. Kwa Mswahili ghubari ni wingu zito la mvua. Nadhani ni rahisi kuona jinsi lilivyogeuka. Anayesimama Maskati akaona upeo wa macho umekuwa mweusi hufunga madirisha kwa ajili ya mchanga. Anayesimama Unguja akaona weusi uleule huanua mpunga kwa ajili ya maji. Neno lilipanda jahazi wakati wa kaskazi likiwa vumbi, likashuka ng'ambo likiwa mvua. Sisi tuliorudi nalo tena Oman tunalitumia kwa maana ya Unguja, na majirani zetu wasiojua Kiswahili hutuangalia kwa mshangao tunapofurahia ghubari.

Mpaka hapa nimewataja watu ambao kutazama juu kulikuwa riziki yao. Mtu wa kupenda tu, asiye na ngamia wa kulisha wala jahazi la kuongoza, alikuja kupata heshima yake katika mji wa London. Luke Howard alizaliwa huko mwaka 1772, na riziki yake ilikuwa kutengeneza na kuuza dawa. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi, mwaka 1783, aliona kiangazi cha ajabu: moshi wa volkano ya Laki ya Iceland ulitanda Ulaya, jua likawa jekundu, na mwezi wa Agosti kimondo kikubwa kikavuka anga ya Uingereza. Tangu hapo hakuacha kutazama juu. Mwezi wa Desemba 1802, akiwa na miaka 30, alisoma makala mbele ya kikundi kidogo cha marafiki waliokuwa wakikutana jioni kujadili sayansi, na makala hiyo ikachapishwa mwaka uliofuata. Alisema kuwa mawingu, japokuwa hayatulii, yana aina chache tu. Akayapa majina ya Kilatini: sirasi, yaani nywele, kwa zile nyuzi za juu, kumulasi, yaani lundo, kwa yale yanayofura kama pamba, stratasi, yaani tabaka, kwa yale yanayolala kama shuka, na nimbasi kwa lile linalonyesha. Yanayochanganyika aliyaita kwa majina yaliyoungana.

Katika mwaka uleule wa 1802 Mfaransa Lamarck, mwanazuoni mashuhuri kuliko yeye, alitoa mpango wake wa kuyagawa mawingu. Mpango huo haukushika. Majina yake yalikuwa ya Kifaransa na yalibaki Ufaransa, ilhali Kilatini cha Howard hakikuwa lugha ya mtu yeyote aliye hai, kwa hiyo kiliweza kuwa cha wote. Goethe, mshairi mkuu wa Ujerumani, alifurahi mno hata akatunga mashairi ya kumsifu Howard, na akamwomba amwandikie habari za maisha yake. Mchoraji John Constable, kati ya 1821 na 1822, alipanda kilima cha Hampstead siku baada ya siku akichora mawingu matupu, na nyuma ya karatasi akaandika tarehe, saa na upepo. Nikiiona habari hiyo najihisi nina ndugu.

Howard hakuishia kwenye majina. Aliendelea kupima joto, upepo na mvua kwa miaka mingi, akachapisha kitabu juu ya tabianchi ya London katika miaka ya 1818 hadi 1820. Humo alionyesha jambo ambalo halikuwa likijulikana: kwamba mji mkubwa huwa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka, hasa usiku. Leo jambo hilo linafundishwa vyuoni, na anayekaa Dubai au Dar es Salaam hulihisi mwilini mwake kila usiku. Lilionekana kwanza na muuza dawa aliyekuwa akiandika namba kila siku bila kulipwa.

Lilibaki swali moja lililotuhusu sisi wa nchi za joto: je, mawingu ya London ndiyo mawingu ya dunia? Mwingereza mmoja aliyependa anga, Ralph Abercromby, aliamua kwenda kuona. Katika miaka ya 1880 alizunguka dunia mara mbili, akarudi na jibu kuwa sura za mawingu ni zilezile kila mahali, ingawa uzito wa habari zake hutofautiana. Yeye na Msweden Hildebrandsson walipendekeza mpango wa aina kumi, na mwaka 1896 kikatoka kitabu cha kwanza cha kimataifa cha picha za mawingu. Hivyo ninapoandika sirasi katika daftari langu Maskati, mtu wa Nairobi au wa Stockholm anajua nimeona nini. Ila ataisoma dalili yake kwa namna yake, kama ghubari inavyosomwa kwa namna mbili.

Sasa nirudi kwa yule jamaa anayeuliza faida. Hoja yake ina nguvu kuliko anavyojua mwenyewe. Tangu miaka ya 1970 Maskati inakunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Bomba likifunguliwa maji hutoka, mvua inyeshe isinyeshe. Zamani mwaka wa ukame uliingia ndani ya nyumba; sasa unapita barabarani kama mgeni asiyetuhusu. Vijijini bado iko mifereji ya kale iitwayo aflaj, zaidi ya 3,000 inayotumika, na mitano kati yake iliandikwa na UNESCO mwaka 2006 kuwa urithi wa dunia. Maji yake ni mvua iliyozama milimani, ikasafiri chini ya ardhi hadi kwenye mitende. Zamu za maji hayo ziligawanywa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota, na watu wa vijiji hivyo walikuwa wakitazama juu kwa sababu mbili kwa pamoja: kujua maji yanakuja, na kujua yatakuwa ya nani. Saa ya mkononi imeichukua kazi ya nyota, na bomba limeichukua kazi ya wingu. Katika mji, kwa hiyo, mvua imekuwa tamasha. Wingu likitanda, watu hupakia watoto, birika la kahawa na mkeka garini, wakaenda kuangalia mabonde makavu, yaitwayo wadi, yakigeuka mito.

Siwalaumu, hata mimi huenda. Lakini wadi ndiyo mahali ambapo kutojua mawingu huua. Milima ya Hajar ni mawe matupu, haina udongo wa kuyanywa maji. Mvua ikinyesha juu, maji yote hukimbilia bondeni kwa pamoja, na huweza kumfikia mtu aliye umbali wa kilomita nyingi, penye jua, kabla hajasikia ngurumo yoyote. Sheria ya Oman imefanya kuvuka wadi inayotiririka kuwa kosa, na bado kila msimu magari huchukuliwa. Katikati ya Aprili 2024, mwishoni kabisa mwa msimu wa mvua za baridi, dhoruba kubwa ilivuka nchi zetu. Katika Falme za Kiarabu kituo cha Khatm Al Shakla kilipima milimita 254.8 kwa muda usiotimia saa 24, kiasi ambacho hakikuwahi kuandikwa huko tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Uwanja wa ndege wa Dubai uligeuka ziwa. Hapa Oman walikufa watu wapatao 20, miongoni mwao watoto wa shule waliochukuliwa na maji huko Samad al-Shan tarehe 14 Aprili. Siku hiyo nilifungua daftari langu, nikashindwa kuandika chochote zaidi ya tarehe.

Mvua ya jangwani huweza pia kudhuru polepole na mbali. Mwezi wa Mei 2018 kimbunga Mekunu kilipiga Dhofar, na Oktoba mwaka huohuo kimbunga Luban kikapiga upande wa Yemen. Havikuwa mvua za baridi, lakini viliiachia Rub al Khali, jangwa kavu kuliko yote huku, maziwa ya maji katikati ya vilima vya mchanga. Nzige wa jangwani hutaga katika mchanga wenye unyevu. Huko ambako hapakuwa na mtu wa kuwaona walizaana vizazi vitatu, wakatoka, wakavuka Yemen na Pembe ya Afrika, na mwishoni mwa Desemba 2019 makundi yao yaliingia Kenya, yakala mashamba kwa kiasi kisichoonekana huko kwa miaka 70. Mkulima wa Kenya aliyepoteza mtama wake alikuwa akilipia mawingu yaliyopita Arabuni zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Wilfred Thesiger, yule Mwingereza aliyevuka Rub al Khali mara mbili na mabedui kati ya 1946 na 1948, alikuja huku kwanza kwa kazi hiyohiyo: kutafuta mahali ambapo mvua ingeweza kuotesha nzige. Alikuwa, kwa namna yake, mpelelezi wa malisho, ila malisho ya adui.

Habari hizi zimenifanya nione kuwa mtu anayetazama mawingu kwa mapenzi amekirithi kiti kilichoachwa na mwenye shida. Bedui alitazama kwa kuwa angekufa. Nahodha alitazama kwa kuwa angezama. Shida ilipopungua kiti kilibaki wazi, na anayekikalia leo, mwenye daftari lake na kopo lake, anatunza ujuzi ambao haja yake haijaisha. Simu itasema kesho ina mvua. Haitasema kuwa wingu lile lililosimama juu ya mlima wa kushoto lina shela ya kijivu chini yake, na kwamba wadi iliyo mbele ya gari lako inaanzia huko. Hilo ni lazima liwe ndani ya jicho la mtu.

Wakubwa wa elimu hii nao hawajamdharau mpenzi wa kawaida. Mwaka 2005 Mwingereza Gavin Pretor-Pinney alianzisha chama cha wapenda mawingu. Wanachama wake walikuwa wakituma picha za wingu moja lenye mawimbi ya kutisha, kama bahari iliyochafuka inayoonekana kutoka chini, ambalo halikuwa na jina katika vitabu. Waliomba lipewe. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipotoa upya kile kitabu cha picha kilichoanzia 1896, wingu hilo liliingizwa kwa jina la asperitasi. Kama Howard, watu hao waliona kwanza na kutaja, kisha wataalamu wakaja na maelezo.

Kwa hiyo jamaa akiniuliza faida, siku hizi humpa kazi ndogo. Namwomba ajifunze mawingu matatu tu: nyuzi za juu, utando wenye duara la mwezi, na lile la minara lenye kilele kilichosambaa kama fuawe. Namwomba kila anapotoka kwenda mabondeni na watoto aangalie kwanza upande wa milima, aulize maji ya wadi ile yanatoka wapi, na akiona minara imesimama huko, aweke mkeka wake juu ya kilima. Wengine hucheka. Mmoja alinipigia simu msimu uliopita, usiku, kuniambia kuwa mwezi una duara. Nilitoka nje nikaliona. Mvua haikunyesha, lakini tulikuwa wawili tuliokuwa tukiingoja.